Kaseti Bila Jina, Picha Bila Tarehe

Mwezi huu safu ya maswali inajibu barua za wasomaji wa Dar es Salaam wanaokusanya habari za wachongaji, wachoraji na wanamuziki wa mitaa yao. Barua tumezifupisha.

Hapa Mwenge kuna wazee wachongaji ambao umri umekwenda sana. Kikundi chetu kina simu janja mbili na akiba ya shilingi laki moja tu. Tuanze hivyo hivyo au tusubiri mfadhili? (Msomaji, Mwenge)

Anzeni wiki hii. Simu mliyonayo inatosha, ila msitegemee kipaza sauti chake. Nunueni cha kubana kwenye nguo, cha waya, kinachoingia kwenye tundu la simu yenu, na kadi ya kumbukumbu ya GB 64. Vile visivyo na waya vya bei ya chini vina kawaida ya kukata kelele vyenyewe, na vikikata kelele hukata pia sauti ya mzee anayeongea taratibu. Kama ndicho mlicho nacho, zimeni hiyo huduma ya kupunguza kelele kwanza.

Tafuteni programu ya kurekodi inayohifadhi faili za WAV, mkiiweka kwenye kilohezi 48 na biti 24. Saa moja ya mkondo mmoja wa sauti itachukua kama nusu GB, kwa hiyo kadi hiyo inabeba zaidi ya saa 100. Wekeni simu kwenye hali ya ndege, maana simu ikiingia katikati ya mazungumzo programu nyingi husimama bila kuwaambia. Kipaza sauti kikae shubiri moja chini ya kidevu, kwenye shati, pasipo kanga wala mtandio wa kukisugua. Angalieni kipimo cha sauti: mzee akiongea kawaida mshale ucheze karibu na desibeli −12, na akicheka usiguse sifuri. Sauti iliyopasuka haitengenezeki tena. Rekodini dakika moja, msikilize kwa hedifoni, ndipo mwanze.

Pale vibandani kuna nyundo, misasa, redio na bodaboda, kwa hiyo fanyeni mambo mawili tofauti. Mazungumzo marefu yafanyieni nyumbani kwa mzee, chumba chenye mapazia na godoro, feni imezimwa, friji imechomolewa. Wekeni funguo zenu juu ya friji hiyo ili msiondoke bila kuirudishia umeme. Kisha siku nyingine mrudi kibandani kumrekodi akiwa kazini. Hapo punguzeni nguvu ya kurekodi, kwa sababu nyundo ikipiga patasi juu ya mpingo sauti yake inaruka ghafla. Chukueni walau dakika tatu za kazi tupu bila mtu kuongea.

Kikao kisizidi dakika 90. Kabla ya swali la kwanza, mmoja wenu aseme kwa sauti tarehe, mahali, jina la anayeuliza na la anayejibu. Faili hupoteza jina, kadi hubadilishwa, lakini maneno hayo yamo ndani ya rekodi yenyewe na hayawezi kutengana nayo.

Sasa maswali. Vijana wengi huanza na "sanaa ina maana gani kwako?" na hupata jibu la risala. Anzeni na kitu kilichoko mkononi. Mwekeeni mbele zana zake, aitaje kila patasi kwa jina analotumia yeye, kwa Kimakonde kama ndiyo lugha yake, na aeleze inakata nini. Muulizeni gogo la mpingo alilipata wapi zamani na sasa analipata wapi, analikagua vipi kama lina ufa ndani, ule ubao mweupe wa nje anauacha kwenye kinyago au anautoa, na kwa nini. Mpeni kinyago alichochonga mwenyewe, asimulie alianzia upande gani. Mikono ikishakumbuka, mdomo hufuata.

Baada ya hapo ndipo mwingie kwenye watu. Alifundishwa na nani? Nani walikaa naye kivuli kimoja? Nani alinunua? Wachongaji wengi wa Kimakonde waliokuja Dar walitokea kusini, na wengi walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, baadhi wakipitia mashamba ya mkonge. Jina la shamba au la kijiji litawasaidia watu wanaotafuta ukoo huo baadaye. Mtindo wa shetani wenyewe, yaani vinyago vya mapepo, unatajwa pamoja na mchongaji Samaki Likankoa, na unafahamika hivyo kwa sababu kuna watu waliohoji mapema wakaandika majina. Wale waliokaa pembeni yake bila kuhojiwa, kazi zao zipo makabatini huko Ulaya zikiwa zimeandikwa "mchongaji hajulikani".

Mzee akinyamaza, msimkimbilie na swali jingine. Hesabuni hadi tano kimoyomoyo.

Marehemu baba alikuwa shabiki wa dansi na taarabu. Ameacha boksi la kaseti kama 40, nyingine alirekodi redioni, nyingine ukumbini. Zilikaa chumba chenye unyevu na baadhi zina vitu vyeupe kwenye mkanda. Nikizipeleka kwa fundi anaweka kwenye flashi. Ni sawa? (Msomaji, Temeke)

Usizipeleke bado, na usiziweke kwenye redio hata moja "kujaribu tu". Hivyo vyeupe ni ukungu. Ukicheza kaseti yenye ukungu, vumbi lake linabaki kwenye hedi (kichwa kinachosoma utepe) na rola, kisha linahamia kwenye kaseti safi inayofuata.

Zitenge kwanza. Zenye ukungu zikae peke yake kwenye boksi la karatasi, chumba kikavu chenye hewa inayotembea, mbali na jua, siku kadhaa. Ukungu ukikauka unakuwa unga. Toka nje, vaa barakoa, na uufute kwa brashi laini kavu kwenye ganda na kwenye kingo za utepe zinazoonekana. Usitumie maji wala mafuta ya taa.

Kabla ya lolote lingine, piga picha kila kaseti: ganda pande zote mbili, karatasi ya ndani, na kasha. Mwandiko wa baba yako ni sehemu ya kumbukumbu. Kisha vunja vile vijipembe viwili vya nyuma ya kaseti ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya.

Tumia deki ya mezani inayofanya kazi vizuri. Redio ndogo ya kubeba haifai. Safisha hedi na rola kwa kijiti cha pamba chenye spiriti safi, ile yenye maji kidogo, na urudie kila baada ya kaseti mbili tatu. Kaseti nzima isiyo na ukungu iendeshe mbele hadi mwisho na uirudishe mara moja kabla ya kuicheza, ili utepe uliogandana uachie. Za dakika 120 ziogope: utepe wake ni mwembamba, unavutika na kukatika. Za 60 ndizo imara.

Sauti ikitoka hafifu na nzito, fungua jicho kwenye mambo mawili. La kwanza, kile kijisponji kilichoko katikati ya kaseti, kinachosukuma utepe uguse hedi. Gundi yake ikikauka hudondoka. Tafuta kaseti tupu ya skrubu tano, ifungue, uhamishie humo vile vigurudumu viwili vilivyozungushiwa utepe. Meza iwe safi na usishike utepe kwa vidole. La pili ni pembe ya hedi. Kaseti iliyorekodiwa kwenye mashine nyingine inaweza isikae sawa na hedi ya deki yako, na unachopoteza ni herufi s na sh. Pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo. Kaseti ikiwa inacheza, izungushe polepole sana, robo mzunguko haifiki, ukisikiliza matoazi na hizo herufi mpaka ziwe kali kuliko zote. Fundi asiyejua habari ya skrubu hiyo asiguse kaseti zako.

Unganisha deki na kompyuta kupitia tundu la kuingizia sauti ya mashine (line-in). Tundu la kipaza sauti litaipasua. Faili iwe WAV, kilohezi 48 na biti 24 au zaidi, na upande mmoja wa kaseti uwe faili moja bila kukatwa. Hapa ndipo mafundi wengi wa vibandani wanapoharibu: wanakata kila wimbo peke yake, wanatupa maneno ya katikati, wanahifadhi kama MP3 ndogo. Sauti ya mtangazaji anayesoma salamu, kutaja bendi, ukumbi na siku ndiyo itakayokupa tarehe ya wimbo. Kwa miaka mingi Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo ilikuwa redio pekee ya Bara na ndiyo iliyorekodi bendi nyingi kwenye mikanda mikubwa. Hata hivyo, onyesho la ukumbini alilorekodi mzee wako huenda halipo kwingine popote. Anza na hizo za ukumbini.

Flashi ni ya kubebea. Kazi ikae kwenye diski mbili za nje, nyumba mbili tofauti, na nakala ya tatu mtandaoni. Usitupe kaseti baada ya kumaliza.

Mwimbaji mkongwe wa taarabu mtaani kwetu amegoma. Anasema, "Mnanirekodi, mnaenda kuuza, mie nabaki na njaa yangu." Tumwambieje? (Msomaji, Kinondoni)

Mwambieni ana haki, kisha mthibitishe kwa karatasi. Wanaofanya kazi hii kwa moyo mmoja hukwama hapa kwa kudhani nia njema inatosha. Haitoshi. Bi mkubwa huyo ameona mengi.

Hati yenu iwe ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kawaida, na itenganishe ruhusa. Kurekodiwa ni ruhusa moja. Kuhifadhiwa na kusikilizwa na watafiti ni nyingine. Kuwekwa mtandaoni ni ya tatu. Kutumika kwenye tangazo, filamu au kitu chochote cha kuuzwa ni ya nne, na hiyo ya nne msiiombe kabisa. Andikeni kwamba ikitokea mtu anataka kununua, atakwenda kwake au kwa warithi wake. Kila mstari uwe na ndiyo na hapana, aweke alama mwenyewe. Asiyesoma asomewe, akubali kwa sauti kinasa kikiwa kimewashwa, na awepo ndugu anayemwamini. Apewe pia nafasi ya kufunga sehemu: "maneno haya ya mume wangu yasitoke mpaka nife". Mkikubali, mwitimize.

Mjue pia sheria inasemaje. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na inamtambua pia mwimbaji kama mtendaji. Kumiliki kaseti, CD au picha ya ukutani hakukupi haki ya kuizalisha. Akiwa hajasajili nyimbo zake COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, kumsindikiza akasajili ni msaada mkubwa kuliko hotuba yoyote mtakayompa. Na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022: namba ya simu, ya NIDA, na habari za maradhi yake zikae kwenye faili la ndani, zisionekane kwenye nakala ya umma.

Juu ya fedha tuna msimamo. Mzee anayepoteza nusu siku ya riziki kwa ajili yenu arudishiwe. Semeni mapema kiasi, kiwe sawa kwa wote mnaowahoji, na kiandikwe kama fidia ya muda. Mkimpa mmoja kwa siri, wiki haiishi mtaa mzima unajua. Siku ya kuondoka mwachieni nakala ya rekodi inayochezeka kwenye simu ya mwanawe, tena siku hiyo hiyo. Ahadi ya "tutakuletea" ndiyo imewafanya wengi wagome.

Wazee wawili waliopiga bendi moja wananipa miaka tofauti ya wimbo huo huo, na kila mmoja anasema solo alipiga yeye. Niandike ya nani? (Msomaji, Ilala)

Zote mbili, kila moja kwa jina la msemaji wake, na usizipatanishe. Kinachowezekana ni kubana miaka. Watu hawakumbuki namba, wanakumbuka mambo. Uliza: ilikuwa kabla au baada ya Azimio la Arusha la 1967? Vijana walikuwa wamekwenda Vita vya Kagera, yaani 1978 na 1979? Ilikuwa kipindi cha foleni za sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980? Mwalimu alikuwa ameshang'atuka, 1985?

Jina la bendi lenyewe ni kalenda. Bendi ya NUTA iliyoanza 1964 ilifuata majina ya chama cha wafanyakazi: ikawa JUWATA mwishoni mwa miaka ya 1970, OTTU mwanzoni mwa miaka ya 1990, hatimaye Msondo Ngoma. Mzee akisema "tulikuwa tumevaa sare za JUWATA", umeshapata mipaka. Akisema mpinzani wao usiku ule alikuwa Mlimani Park, si kabla ya 1978. Mwulize kila mmoja peke yake, kamwe usiwakutanishe kwanza, maana mwenye sauti kubwa atashinda. Ukishapata maelezo yote, wachezee wimbo wenyewe wakiwa pamoja. Nani alipiga solo mara nyingi huonekana kwenye mkono: kila mpigaji ana namna yake ya kuvuta waya, na mwenzake aliyekaa naye miaka kumi jukwaani ataitambua ndani ya sekunde chache.

Mtoto wa msanii amenitumia picha 200 za zamani kwa WhatsApp. Zinatosha? (Msomaji, Ubungo)

Hapana. WhatsApp inaminya picha. Azitume kama waraka, au bora ukaziskani mwenyewe kwake: pointi 600 kwa inchi kwa picha za kawaida, 1200 kwa paspoti, zihifadhiwe kama TIFF. Picha ya inchi 4 kwa 6 itakuwa na ukubwa wa MB 26 hivi. Skani na mgongo pia, kuna mihuri ya studio na miaka huko. Iliyogandia kwenye kioo cha fremu usiibandue, iskani humo humo. Majina ya walio pichani yaandike kwa penseli laini nyuma ya picha, pembeni. Kalamu ya wino inapenya.

Mjomba wetu alichora tingatinga miaka mingi, akitia saini herufi mbili tu. Ametuachia picha 30 za hadibodi. Tunaogopa mtu atakuja kudai ni zake. (Msomaji, Msasani)

Hofu yenu ina msingi. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alichora kwa takriban miaka minne tu kabla ya kuuawa 1972, picha zake ziliuzwa eneo la maduka la Morogoro Stores kwa wageni walioondoka nazo, na tangu hapo saini yake imeigwa mno. Anayeweza kutofautisha anategemea sana upande wa nyuma wa ubao na kumbukumbu za waliokuwepo.

Kwa hiyo kila picha ipigwe mbele, nyuma, saini kwa karibu, na ukingo mmoja unaoonyesha unene wa ubao. Rangi ya mafuta inang'aa, basi flashi ya kamera izimwe. Iegesheni picha ukutani barazani penye kivuli, saa tatu au saa nne asubuhi, kamera katikati yake kabisa na lenzi sambamba na ubao. Rudi nyuma hatua mbili, tumia ukuzaji wa mara mbili, la sivyo mistari ya pembeni itapinda. Weka karatasi nyeupe pembeni kwa ajili ya rangi na rula kwa ajili ya kipimo. Halafu piga moja zaidi jioni, mwanga ukitoka upande mmoja tu: mikwaruzo, nyufa na njia ya brashi vyote vitajitokeza. Mkono wa mjomba uko kwenye hiyo njia ya brashi kuliko kwenye herufi mbili.

Kwa kila picha andikeni urefu na upana kwa sentimita, kilichochorwa, maandishi ya nyuma neno kwa neno, na aliyewaambia kwamba ni ya mjomba. Tafuteni wachoraji wawili waliokaa naye, mwarekodi wakiitazama picha moja moja. Msioshe kwa sabuni wala kupaka vanishi. Hadibodi hunyonya unyevu na kupinda, basi zisiegemee ukuta wa nje wala kulala sakafuni.

Tuna rekodi za saa 60 na nyumba yetu iko Jangwani. Tuzipeleke wapi? (Kikundi cha sanaa, Magomeni)

Kabla ya masika, diski moja itoke bondeni. Msingoje taasisi kwa hilo, mpeni ndugu anayekaa Kimara au Mbezi.

Kisha andaeni orodha. Hakuna mhifadhi atakayepokea mafaili 200 yenye majina kama "sauti mpya 17". Jina la faili lianze na mwaka, mwezi na siku, kisha mahali, msimbo wa msanii na namba ya sehemu: 20250614_MWENGE_W03_01. Kwenye jedwali wekeni W03 ni nani, nani alihoji, lugha zipi, ruhusa ipi, na muhtasari wenye dakika: dakika ya 12, anaeleza kupasua gogo, dakika ya 31, anamtaja mwalimu wake. Kuandika kila neno la saa moja huchukua saa nne hadi sita, zaidi kama mzee anachanganya Kiswahili na Kimakua au Kiyao. Kwa saa 60 fanyeni muhtasari wa zote kwanza, na mwandike neno kwa neno zile chache nzito.

Mkiwa na hilo, nendeni na barua Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert, Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye maktaba, TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) na idara ya sanaa. Ulizeni nani ataruhusiwa kusikiliza, nakala itatunzwa kwenye nini, na ikiwa mtu aliyefunga maneno yake ataheshimiwa. Jibu liwe kwa maandishi. Kabidhini nakala, diski mama ibaki kwenu, ifunguliwe kila miezi sita kuona kama faili bado zinacheza. Hati ya makabidhiano isainiwe nakala tatu: moja ya taasisi, moja ya kikundi, na ya tatu ya familia za wasanii wenyewe.